Maboga ya Mwezi wa Sita

Karatu nimeijua kwa kushuka. Kwa miaka zaidi ya ishirini niliendesha magari ya wageni: asubuhi napanda kwenda kreta, lile bonde la wanyama kule mlimani, jioni narudi nyumbani. Mtu anayetoka kule juu, ambako ukungu unaingia mpaka ndani ya soksi, akifika Karatu huona joto tu. Koti nilikuwa nalivua nikishapita geti la hifadhi. Nafika nyumbani na shati la mikono mifupi, namkuta mke wangu amejifunika mashuka mawili, namcheka. Nilimwambia mara nyingi kwamba baridi yeye hajaijua. Hakubishana. Neno la kipumbavu aliliacha lipite kama unavyoacha lori la vitunguu la Mang'ola lipite: unasimama pembeni, vumbi linatulia, unaendelea na safari yako.

Mimi ni mtu wa Singida. Nilikuja huku nikiwa kijana kuchuma kahawa kwenye shamba moja upande wa Oldeani, kutoka kuchuma nikaenda kuosha magari, kutoka kuosha nikapewa usukani. Nikaoa Mwiraqw wa kijiji cha Buger, tukajenga nje kidogo ya mji, na nyuma ya nyumba akalima bustani. Nasema akalima kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kazi yangu mimi ilikuwa kula. Mwaka wangu ulikuwa na vipande viwili tu. Kulikuwa na lo sizoni, masika inapoharibu barabara na madereva tunashinda nyumbani tukiwakera wake zetu. Halafu ilikuja hai sizoni, kuanzia mwezi wa sita, magari yanapopanga foleni kupanda na mji mzima unachangamka. Kichwani mwangu mwaka ulianza mwezi wa sita. Hakuna aliyenifundisha hivyo, ni kazi tu iliyonizoesha.

Mwaka wa mke wangu ulikuwa na vipande vingi zaidi, na haukuandikwa popote. Masika ikiaga na udongo ukiwa bado na unyevu, alitia karoti, kabichi, figiri, vitunguu na giligilani. Hivyo alisema vinapenda baridi, hasa giligilani, maana ukiipanda kwenye joto inakimbilia kutoa maua kabla hujaila hata mara mbili. Mnanaa na mchaichai vilikuwepo mwaka mzima, ila kugawa mashina yake alingoja mvua. Nyanya, hoho na mrehani alivisia kwenye beseni bovu barazani mwishoni mwa mwezi wa nane, akavihamishia nje baridi ikishavunjika. Maboga yalikuwa ya mwisho kabisa, na kwa maboga hakutazama kalenda. Alfajiri alivua ndala, akasimama bustanini miguu mitupu, kimya, kwa muda wa kutosha sala ya Baba Yetu. Kama baridi ya udongo ilimpanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, alivaa ndala zake akarudi ndani kuchemsha chai. Baada ya siku kadhaa alijaribu tena. Nilimwona akifanya hivyo miaka yote, nikidhani ni mambo ya kwao.

Maboga yenyewe hayakuwa ya sokoni. Yalikuwa ya mama yake. Ganda la kijivu lenye michirizi ya kijani, majani laini yasiyokwaruza mkono, na nyama kavu, tamu, ambayo kwao huliwa na maziwa mgando. Mama mkwe aliwapa mabinti zake wawili mbegu hizo walipoolewa, kila mmoja kibuyu chake. Kibuyu cha mke wangu kilipasuka zamani, akahamishia mbegu kwenye chupa ya soda, akachanganya na majivu makavu, akaziba na kipande cha gunzi. Alipanda, akavuna, akarudisha chupani, mwaka baada ya mwaka. Majirani aliwagawia, lakini kwao zilichanganyika na maboga ya sokoni mpaka zikapoteza rangi. Tangu mama mkwe afariki, mbegu safi zilibaki mahali pawili: kwenye chupa ile, na kwa dada yake mkubwa kule Buger. Na huyo dada yake walikuwa hawasemeshani.

Mwaka niliostaafu, binti yetu aliyeolewa Tabora alikuwa mjamzito na daktari akamwambia alale kitandani mpaka siku zitimie. Mke wangu akafunga mizigo mwishoni mwa mwezi wa tano. Kabla ya kuondoka alinizungusha bustanini kama mtoto wa darasa la kwanza. Karoti zilikuwa zimeshatiwa, kabichi zimehamishiwa matutani, giligilani inachungulia. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, yasiyo na sabuni, na kupalilia. Kisha akashusha chupa kutoka juu ya kabati.

Alinieleza kwamba mwaka uliopita mvua za vuli zilitupa kisogo na maboga hayakukomaa, kwa hiyo mbegu zilizomo zilikuwa za mwaka wa kabla yake. Zikikaa mwaka mwingine zitakufa. Kama atachelewa kurudi, nizipande mimi. Nisubiri baridi iondoke, hata ikiwa ni mwezi wa tisa au wa kumi. Nichukue mbegu kwa vidole, nusu tu, nyingine zibaki. Na chupa nisiigeuze. Hilo alilirudia. Kwao chupa ya mbegu haigeuzwi mdomo chini, maana chombo kilichogeuzwa ni chombo kilichotangazwa kwamba kimekwisha.

Nikamwambia nimewapeleka watu wa mataifa yote kuona simba na hakuna aliyeliwa, boga halitanishinda. Akacheka kidogo, akapanda basi.

Mwezi wa sita ukaanza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimekaa nyumbani nikiangalia magari yakipanda bila mimi. Sipendi kusema niliumia, lakini niliumia. Asubuhi niliamka saa ile ile ya kazi, nikavaa, nikakosa pa kwenda. Niliyasikia yakibadilisha gia kwenye kilima, nikawa natambua kwa mlio tu gari la kampuni gani, na dereva yupi asiyejua kutumia klachi. Mji ulikuwa umechangamka, nami nikachangamka pamoja nao bila sababu. Mtu mwenye mwili wa kazi na asiye na kazi ni hatari kwa kila kitu kilicho karibu yake.

Zikaja siku tatu za jua. Ukungu uliondoka mapema, anga likawa jeupe, nikatoka nje na fulana. Nikajiuliza baridi iko wapi. Niliyoijua mimi ilikuwa ya ukingoni mwa kreta kule juu, ya kulala ndani ya gari vioo vikitoka jasho na kuamka vidole havikunjiki. Hii ya Karatu kwangu ilikuwa kivuli tu. Nikasema mke wangu anaogopa tu, tena wageni wenyewe wanakuja mwezi huu, na wageni wangejua pa kukimbia baridi. Sikukumbuka kwamba wageni hao hulala chini ya mablanketi matatu na chupa ya maji ya moto.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii ndiyo ya kweli zaidi. Nilitaka arudi akute maboga yametambaa mpaka kwenye ua, aseme mzee kumbe unaweza. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akinisifu kwa jambo lililofanyika nyumbani. Wala sikuwahi kulifanya.

Nikachimba mashimo kumi na mawili, nikatia samadi. Nikashusha chupa. Vidole vyangu ni vinene, mdomo wa chupa ni mwembamba, nikajaribu mara mbili mbegu zikateleza kwenye majivu. Nikaigeuza. Zikatoka zote kwenye kiganja na majivu yake, nikazigawa kwenye mashimo, na kila nilipoona shimo lina mbegu chache nikaongeza. Mkono ulipokuwa mtupu ndipo nilipokumbuka neno nusu. Nikajiambia zikishazaa tutakuwa na chupa tano. Kujifariji ni kipaji changu.

Jirani yetu, mama mmoja mjane anayeuza sukuma wiki sokoni, aliniona kutoka upande wake wa ua. Aliuliza napanda nini. Nikamwambia maboga. Akauliza ya nani. Nikasema yetu. Akaendelea kukata majani yake, kisha akasema kwa upole kwamba labda mimi nina dawa ya ukungu ambayo wenzangu hawana.

Ukungu ulirudi siku ya nne na haukuondoka. Wanaoijua Karatu wanaujua ule wa mwezi wa sita na wa saba, unaoshuka kutoka msituni asubuhi, unakaa juu ya mabati, unatona. Kabichi zilinenepa. Giligilani ilisimama ikajaza tuta, nikawa nawagawia majirani kwa mafungu. Karoti zilikuwa hazina neno. Kila alichopanda mke wangu kabla ya kuondoka kilikuwa kinafurahi kwenye baridi ile, na mimi nilikuwa nakimwagilia. Mashimo kumi na mawili yalikaa kimya.

Mwishoni mwa wiki ya tatu zikaota nne. Zilitoka za njano, zimekunja kichwa, zikasimama siku mbili, zikalala. Nikafukua shimo la jirani yake kwa kidole. Mbegu ilikuwa pale pale nilipoiweka, imevimba, laini, ukiibonyeza inatoa maji yenye harufu. Nikafukua la pili na la tatu. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwanza: asubuhi nikavua viatu, nikasimama. Baridi ilinipanda taratibu, ikafika vifundoni, ikaendelea. Niliwahi kusimama kwenye udongo wa kule juu nikiwa na mabuti tu. Miguu yangu haikuwa imegusa ardhi ya Karatu tangu niache kuchuma kahawa.

Mke wangu alipiga simu kila jioni. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, ila mama yake alibaki dhaifu, kwa hiyo safari ya kurudi ikasogezwa mbele. Aliuliza bustani. Nikamweleza kabichi, nikamweleza karoti, nikaisifu giligilani kama mhubiri. Maboga aliyauliza mara moja. Nikasema nasubiri baridi. Hapo sikudanganya sana, maana nilikuwa nasubiri kweli, sema sikuwa na cha kupanda ikishaondoka.

Nilizunguka kwa majirani kutafuta mbegu. Kila niliyemwomba alinipa kwa moyo mmoja, na kila nilizopewa zilikuwa nene, nyeupe, za maboga ya sokoni. Za mama mkwe zilikuwa ndogo, zenye ukingo wa kahawia. Yule mama jirani akaniambia nimalize kuzunguka. Alisema mficha uchi hazai, na kwamba mji mzima unajua mbegu zile ziko kwa nani.

Hapa lazima nieleze habari ya dada yake, na ya kwangu.

Mwaka mama mkwe alipougua, alikuwa anakaa kwa binti yake mkubwa kule Buger. Ilikuwa masika na barabara imekatika sehemu mbili. Asubuhi moja simu ikaja kwamba mzee hali yake imebadilika. Mke wangu alitaka kupanda pikipiki. Nikamkataza, nikamwambia atavunjika shingo kwenye matope, anisubiri, ninashusha wageni wangu jioni naazima gari la rafiki nampeleka mwenyewe. Akanisubiri. Jioni wageni wangu, ambao hawakuwa wameona faru, waliomba walale ukingoni washuke tena kesho yake. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kumwomba dereva mwenzangu anishikie zamu, wapo wawili waliokuwa pale na wangefanya hivyo bila neno. Sikuomba. Nilikuwa na jina la dereva asiyekosa faru, na nililipenda lile jina. Simu haikushika mtandao, nami sikuitafutia mahali pa kushika.

Faru tulimwona, kwa mbali, kama jiwe. Nilimfikisha mke wangu Buger siku iliyofuata alasiri, tukakuta matanga. Dada yake alisema mbele ya waombolezaji wote kwamba watu wa mjini siku hizi husubiri gari hata kwenda kumzika mama, wakati wengine walikuja kwa miguu tangu usiku. Mke wangu alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa limekaa chini ya mti na wanaume wengine, likinywa chai. Hakulitoa. Alikaa chini. Tangu siku hiyo hakwenda Buger na dada yake hakuja Karatu, na mimi kwa miaka sita niliwaambia watu kwamba wanawake wakigombana hawana dawa.

Basi mwanzoni mwa mwezi wa nane nikawasha kigari changu cha zamani nikaenda. Nilibeba fungu la giligilani na kabichi mbili, nikiwa sijui mtu abebe nini.

Nilimkuta shemeji uani anapepeta maharage ya ngwara kwenye ungo. Amezeeka kuliko nilivyotarajia, na alinitazama kwa namna ile ile anayotazama mke wangu, macho yanatulia juu yako mpaka unaanza kujikagua vifungo. Akanikaribisha, akanipa kigoda. Tuliulizana habari za mvua, za watoto, za mifugo. Nikampa habari ya mjukuu wa Tabora, akamshukuru Mungu. Aliuliza kilichonileta.

Nikasema mbegu za maboga ya mama.

"Amekutuma?" akauliza.

Nikasema hajui kama nipo pale. Akauliza za kwake ziko wapi. Nikamweleza yote, mwezi wa sita, siku tatu za jua, chupa. Nilipofika kwenye chupa aliacha kupepeta. Kisha akacheka, kicheko kirefu kisicho na furaha, akapangusa macho kwa ncha ya kanga. Alisema haishangazi. Nyumba iliyomsubirisha mama ili ipate gari, leo imeshindwa kusubiri baridi.

Niliangalia kabichi zangu pale chini. Nimewahi kukutana na tembo dume akiwa na hasira, gari limegoma kuwaka, na mapigo ya moyo wangu siku hiyo yalikuwa ya kawaida kuliko haya. Nikamwambia:

"Shemeji, siku ile aliyechelewa ni mimi. Yeye alitaka kuja na pikipiki tangu asubuhi, nikamkataza. Nikamwahidi gari, nikabaki kule juu na wageni."

Alichukua ungo, akapepeta mara tatu nne, maganda yakaruka upande wangu.

"Mbona hakusema?"

"Angenisema mimi mbele za watu."

Akapepeta mpaka ngwara zote zikaisha. Akamimina kwenye gunia, akalifunga. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka bila kinyongo. Badala yake aliingia ndani akatoka na chai, akaniwekea, akasimama.

"Mbegu sikupi," akasema. "Utazitia tena kwenye ukungu. Wakati ukifika nitakuja nazo."

Sikujua kama hilo ni ndiyo au ni hapana. Kabichi alizipokea.

Mwezi wa nane ulikwisha. Nikasia nyanya na hoho na mrehani kwenye beseni bovu, kwa sababu hayo nilikumbuka, na nikayafanya sawasawa. Ukungu ukaanza kuchelewa kuja na kuwahi kuondoka. Upepo wa kukausha ukaingia, vumbi likarudi barabarani, mjakaranda wa kanisani ukaanza kutoa vichwa vya maua. Kila asubuhi nilivua viatu. Jirani alizoea, akaacha hata kunitania. Nilijifunza kwamba baridi haiondoki siku moja; inarudi nyuma hatua mbili, inasogea mbele hatua moja, na udongo unachelewa kuliko hewa. Unaweza kuwa umevua sweta na udongo bado uko mwezi wa saba. Nilishangaa kwamba jambo hilo lilikuwa chini ya miguu yangu miaka yote na mke wangu alikuwa analisoma peke yake.

Simu ya Buger haikulia. Mke wangu akasema anarudi mwisho wa mwezi wa kumi. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia, nikayatupa, nikapanga mengine.

Kisha asubuhi moja, katikati ya mwezi wa tisa, nilitoka na kikombe changu nikamkuta shemeji ameshasimama katikati ya bustani, malapa mkononi, macho kwenye udongo. Alikuwa amekuja na pikipiki ya kwanza kutoka Buger. Hakunisalimia mpaka alipomaliza kusimama. Alivaa malapa, akasema mashimo yangu ni ya kuzikia mbuzi, akaomba jembe.

Alichimba mengine, ya kina kifupi, sita tu. Alitoa kibuyu kwenye kapu, kile kile cha harusi yake, cheusi kwa moshi, akaingiza vidole viwili akatoa mbegu nne kwa kila shimo. Alizisimamisha, ncha chini, akafunika kwa udongo laini alioupondaponda kwa kiganja. Kisha akaniuliza kama kuna chungu kilichovunjika. Nikampa kilichokuwa nyuma ya jiko. Alikipasua, akalaza kigae kimoja kando ya kila shimo, upande wa juu wa mteremko. Aliniambia maji nimwage juu ya kigae, yateleze yenyewe kwenda kwenye mbegu, nisiyamwage kichwani mwake kama mtu anayezima moto. Mama alifanya hivyo. Mke wangu sikuwahi kumwona akifanya hivyo, alikuwa na keni la kumwagilia lenye matundu.

Nilimkaribisha ndani, akakataa kiti cha sebuleni. Alikaa jikoni, kwenye kigoda cha mdogo wake, akala ugali na figiri niliyoipika mwenyewe. Alisema ina chumvi nyingi, akamaliza. Kabla ya kuondoka alishika ile chupa tupu iliyokuwa dirishani, akaitazama, akaingiza mbegu zilizojaa kiganja, akaongeza majivu kutoka kwenye jiko langu, akaziba. Akairudisha juu ya kabati bila kuuliza inakaa wapi.

Mbegu ziliota siku ya nane. Zilitoka za kijani, wima, zimebeba maganda yake kichwani. Nilizihesabu kila asubuhi, ishirini na mbili kati ya ishirini na nne, nikamwaga maji juu ya vigae. Mke wangu alipowasili, zilikuwa zimeshaanza kutambaa.

Nilimpokea stendi. Nilikuwa nimeamua kumwambia njiani, nikashindwa, nikaongea habari za mjukuu mpaka tukafika. Hakuingia ndani. Aliweka mkoba mlangoni akaenda nyuma moja kwa moja, nami nikamfuata. Alipita kabichi zilizobaki, akapita nyanya, akafika kwenye maboga, akasimama. Nikasubiri aseme mzee kumbe unaweza.

Alichuchumaa, akagusa kigae kimoja. Akagusa cha pili. Alikuwa amenipa mgongo, kwa hiyo uso wake sikuuona.

"Alikuja lini?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia pia zile za kwenye chupa niliziua mwezi wa sita, zote, na chupa niliigeuza. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo analolijua. Akauliza nilimwambia nini dada yake mpaka akaja. Nikamwambia nilimweleza nani alichelewa siku ile.

Niliona aibu, aibu hasa, ile isiyo na mahali pa kuiweka.

"Ulikuwa na miaka sita ya kusema," akasema.

Alinyanyuka, akakung'uta udongo magotini. Akauliza kama dada yake alikula. Nikasema alikula. Alikaa wapi? Jikoni, kwenye kigoda chako. Alikula nini? Ugali na figiri. Ilikuwa na chumvi nyingi, akasema mke wangu kabla sijafika hapo, maana upishi wangu anaujua.

Kisha akaanza kuchuma majani machanga ya maboga, moja moja kutoka kila shina, asilidhuru shina lolote. Akayapanga kwenye upande wa kanga, akafunga fundo.

"Kesho unipeleke Buger," akasema. "Tuondoke mapema."

Nikamwambia gari lina mafuta tangu jana.